Kizazi cha Mwanamke Mweusi na Daftari la Bwana

Mwaka 1656, katika koloni la Virginia, mwanamke aitwaye Elizabeth Key alishinda kesi mahakamani akatoka utumwani. Mama yake alikuwa mtumwa Mwafrika. Baba yake, Thomas Key, alikuwa Mwingereza mwenye hadhi, mjumbe wa baraza la kutunga sheria. Hoja zake Elizabeth zilinyooka: kwa sheria ya Kiingereza mtoto hufuata hali ya baba, na baba yangu ni mtu huru, nimebatizwa, tena muda niliopangiwa kutumika umekwisha zamani. Wakili aliyemsimamia, William Grinstead, alikuwa amezaa naye, na baadaye akamwoa. Hadithi tamu, ukiishia hapo.

Desemba 1662 wajumbe wa Virginia walikaa wakaziba tundu alilopitia Elizabeth. Sheria waliyoipitisha ilikuwa ya mistari michache tu: mtoto atakayezaliwa katika koloni atakuwa mtumwa au huru kwa kufuata hali ya mama yake. Uingereza nzima ilifuata ukoo wa baba, katika mali, katika jina, katika vyeo. Kwa mwanamke mweusi peke yake mambo yakageuzwa. Kuanzia siku hiyo bwana aliyemwingilia mjakazi wake hakuhesabiwa amezaa. Alikuwa ameongeza mali. Makoloni mengine yakaiga.

Mimi nashikilia kwamba ugomvi wa Marekani kuhusu mimba hauanzi mwaka 1973 na ile kesi ya Roe iliyohalalisha utoaji mimba nchi nzima, ambayo kila mtu anaitaja. Unaanza hapo 1662, siku tumbo la mwanamke lilipoandikwa kwenye daftari la mali. Wasomi na wanaharakati wanawake weusi wa huko wamekuwa wakilisema hili kwa zaidi ya miaka 50, na huku kwetu tunapobishana kuhusu uzazi wa mpango na utoaji mimba tunanukuu kila mtu isipokuwa wao.

Sisi wa Pwani tuna sababu ya kusimama kidogo kwenye sheria ile. Zanzibar ya masultani ilifuata njia tofauti: mtoto wa suria aliyezaa na bwana wake alizaliwa huru, akarithi pamoja na ndugu zake, na mama yake hakuuzwa tena. Majid, Barghash, Khalifa na Ali, wana wa Seyyid Said waliotawala mmoja baada ya mwingine, wote walizaliwa na masuria. Kwa sheria ya Virginia wangepigwa mnada. Ila tusijipongeze haraka. Suria hakuulizwa kama anakitaka kitanda kile, na mtoto wa mjakazi aliyezaa na mtumwa mwenzake alibaki mzalia, mali ya bwana vilevile. Tena amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hali ya utumwa Unguja na Pemba iliwaacha masuria nje, kwa kisingizio kwamba wao ni kama wake. Walingoja hadi 1909. Tofauti ya sheria zile mbili ilikuwa kubwa sana kwa mtoto. Kwa mama, ndogo kuliko tunavyopenda kusema.

Turudi Amerika. Wosia za wenye mashamba zinatisha kuliko mijeledi, kwa sababu ziliandikwa kwa mkono uliotulia. Mjakazi fulani anaachiwa mke wa marehemu. Watoto watakaozaliwa na mjakazi huyo, ambao bado hata mimba yao haijaingia, wanagawanywa kwa wana wa marehemu. Mwaka 1820 Thomas Jefferson, aliyekuwa rais wa nchi, aliandika katika barua kwamba mwanamke anayezaa mtoto kila baada ya miaka miwili ana faida kuliko mwanamume hodari kuliko wote shambani, kwa kuwa anachozaa huyu kinaongeza mtaji, na kazi ya yule huliwa ikaisha. Huyu ndiye aliyeandika kwamba binadamu wote wameumbwa sawa.

Barua hiyo ina wakati wake. Kuanzia Januari 1808 ilikuwa marufuku kuingiza watumwa Marekani kutoka nje. Watumwa walikuwa kama milioni moja na ushei. Kufikia sensa ya 1860 walikaribia milioni nne. Pamba ilikuwa inapanuka kuelekea Alabama, Mississippi na Texas, na wafanyakazi wake hawakuja tena na meli. Walizaliwa Virginia na Maryland, wakauzwa kusini. Biashara ile yote ilitegemea kizazi cha mwanamke, na wanunuzi mnadani waliuliza waziwazi: amezaa wangapi?

Wanawake wenyewe hawakukaa tu. Walitafuna maganda ya mzizi wa mpamba ili mimba itoke, na madaktari wa kizungu wa Kusini waliandika wakilalamika kwamba wajakazi wana siri zao za kuharibu mimba. Zao lililomtajirisha bwana ndilo lililomnyima mtumwa mpya. Wengine walikwenda mbali zaidi. Celia wa Missouri alinunuliwa akiwa na umri wa kama miaka 14, akabakwa na bwana wake miaka mitano mfululizo, na mwaka 1855 akamuua. Mawakili wake walisema sheria ya Missouri inamlinda “mwanamke yeyote” dhidi ya kuingiliwa kwa nguvu. Jaji akakataa kuwaruhusu wazee wa baraza waifikirie hoja hiyo. Celia alinyongwa Desemba mwaka huohuo.

Mwezi uliofuata, Januari 1856, Margaret Garner alivuka mto Ohio ulioganda kwa barafu pamoja na mumewe na watoto, wakitoroka kutoka Kentucky. Walipozingirwa, alimkata shingo binti yake mdogo ili asirudishwe. Kinachonikaa kichwani ni mabishano ya kisheria yaliyofuata. Wapinga utumwa walitaka ashitakiwe kwa kuua, kwa sababu kesi ya mauaji ingekuwa ni kukiri kwamba aliyeua ni mtu na aliyeuawa ni mtu. Wenye mali walitaka arudishwe tu kama mzigo uliopotea. Wenye mali wakashinda. Fikiria nchi ambayo rafiki yako anakuombea kesi ya mauaji kama heshima.

Na Montgomery, Alabama, kati ya 1845 na 1849, daktari J. Marion Sims alijifunza kutibu fistula kwa kuwapasua wanawake watumwa bila dawa ya usingizi. Majina ya watatu tunayajua: Anarcha, Betsey na Lucy. Anarcha alipasuliwa mara zipatazo 30. Ridhaa ilitolewa na mabwana. Sanamu ya Sims ilisimama Central Park, New York, hadi Aprili 2018. Wanaosema “alizifuata desturi za zama zake” nawasikia. Nawauliza tu kama Anarcha naye hakuwa mtu wa zama hizo.

Baada ya 1865 daftari likageuzwa upande wa pili. Mtoto wa mwanamke mweusi hakuwa tena faida ya mtu. Akawa gharama: ya shule, ya hospitali, baadaye ya msaada wa serikali. Na kizazi kilichokuwa kikisukumwa kizae kikaanza kufungwa. Katika karne ya 20 majimbo mengi yalikuwa na sheria za kuwafunga kizazi watu walioitwa punguani au wasiofaa. Wahanga wa mwanzo wengi walikuwa wazungu maskini, lisifichwe hilo. Lakini kadiri miaka ilivyosonga mzigo uliwaelemea wanawake weusi. North Carolina, ambayo bodi yake ilifanya kazi hadi 1974, ilifunga kizazi watu wapatao 7,600. Jimbo lilikubali kulipa fidia mwaka 2013, wengi wakiwa wameshakufa.

Mtu ninayemrudia kila ninapofikiria haya ni Fannie Lou Hamer. Alizaliwa Mississippi, mtoto wa 20 na kitinda mimba wa wazazi waliolima pamba ya watu kwa mgawo. Mwaka 1961 aliingia hospitali kutolewa uvimbe, akatoka hana kizazi. Hakuna aliyemwomba ruhusa, hakuna aliyemwambia; alikuja kulijua hilo kwa umbea uliozunguka shamba alikofanya kazi. Upasuaji huo ulikuwa wa kawaida kiasi kwamba watu waliuita “upasuaji wa kidole tumbo wa Mississippi”. Mwaka uliofuata alikwenda kujiandikisha kupiga kura, akafukuzwa shambani, na mwaka 1964 akasimama mbele ya kamera za mkutano mkuu wa chama cha Democratic akaishitaki nchi nzima.

Hamer na mumewe walikuwa wamelea mabinti wawili wasio wa kuwazaa. Mmoja wao alifariki mwaka 1967, familia ikihangaika kutafuta hospitali ya kumpokea. Sasa sikiliza: Hamer alipinga utoaji mimba, alipinga na vidonge vya kuzuia mimba, aliviita mauaji ya kimbari. Wanaopigania haki ya kutoa mimba leo hulinukuu tukio la 1961 na kuiruka sehemu hii. Wanaopinga hunukuu sehemu hii na kuliruka tukio la 1961. Mama wa watu alinyimwa kuzaa, na mtoto aliyempata kwa njia nyingine akamfia kwa kukosa matibabu. Ukimweka kwenye upande mmoja wa maandamano ya Washington, hatoshi.

Miaka 12 baada ya upasuaji wa Hamer ilikuwa zamu ya watoto. Juni 1973, Montgomery, mji uleule wa Sims, kliniki ya uzazi wa mpango iliyolipiwa na serikali kuu iliwafunga kizazi Minnie Lee Relf, miaka 14, na mdogo wake Mary Alice, miaka 12. Mama yao hakujua kusoma. Aliweka alama ya X kwenye karatasi akidhani ni ruhusa ya kuendelea na sindano walizokuwa wakichomwa mabinti. Sindano zenyewe ni Depo-Provera, hii tunayoijua sote kliniki zetu, ambayo wakati huo Marekani ilikuwa haijaidhinishwa kuzuia mimba. Idhini ilikuja 1992. (Naomba asitoke mtu hapa akaacha sindano yake. Tatizo halikuwa dawa. Tatizo lilikuwa nani anaamua.) Jaji aliyesikiliza kesi ya akina Relf alikuta kwamba maskini 100,000 hadi 150,000 walikuwa wakifungwa kizazi kila mwaka chini ya programu za fedha za serikali kuu, na baadhi walitishiwa kwamba wakikataa watakatiwa msaada. Hata kwetu si jambo la kigeni: miaka ya karibuni Mahakama Kuu ya Kenya imewapa fidia wanawake wenye VVU waliofungwa kizazi bila ridhaa yao kamili.

Angalia mwaka lakini. Januari 1973 Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi wa Roe, na wanawake wa kizungu wa tabaka la kati wakasherehekea kwamba sasa wana uamuzi juu ya miili yao. Miezi mitano baadaye mabinti wa Relf wako kitandani Montgomery. Mwaka 1976 Bunge likazuia fedha za bima ya maskini zisilipie utoaji mimba, huku kufunga kizazi kukiendelea kulipiwa. Kwa mwanamke maskini mweusi, mlango uliokuwa wazi bila malipo ulikuwa mmoja tu, ule wa kutozaa tena kabisa.

Ndiyo maana fikra za wafeministi weusi zilichukua njia yake. Angela Davis aliandika makala yake kuhusu mwanamke katika jamii ya watumwa akiwa jela, ikachapishwa 1971. Alikuwa anajibu uzushi uliozagaa wakati ule, kwamba mwanamke mweusi alikuwa mbabe aliyeshirikiana na bwana kumdhalilisha mwanamume wake. Katika kitabu chake cha 1981 akaeleza kwa nini wanawake weusi wengi hawakujitokeza kwenye maandamano ya kutetea utoaji mimba ilhali wao wenyewe walikuwa wakitoa mimba, wengine wakifia humo: harakati ile haikutaka kusikia habari za kufungwa kizazi kwa nguvu. Walikuwa wanaitiwa uhuru wa kutozaa na watu wasiojali kwamba wao wananyimwa kuzaa.

Upande wa pili walikuwepo kaka zao. Wanaume wa harakati za watu weusi walisema kidonge ni silaha ya mzungu, kazi ya mwanamke ni kuzaa wapiganaji. Frances Beal aliwajibu mwaka 1969 kwa maandishi makali: alilaani kufungwa kizazi kwa nguvu na hapohapo akadai haki ya mwanamke kuamua lini azae na lini asizae. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwaka 1977 kundi la Boston lililojiita Combahee, kwa kumbukumbu ya mto ambako Harriet Tubman aliongoza uvamizi wa 1863 uliowakomboa watumwa zaidi ya 700, likaandika kwamba rangi, jinsia na tabaka vinamkaba mwanamke mweusi kwa pamoja, havimjii kwa zamu.

Halafu ikaja Chicago, Juni 1994. Wanawake weusi 12, wakiwa wamechoshwa na mpango wa afya wa Rais Clinton uliokwepa mambo ya uzazi, walikaa hotelini wakatoka na madai ambayo naona ndiyo bora yaliyowahi kuandikwa kuhusu jambo hili. Haki ya kutozaa. Haki ya kuzaa. Haki ya kuwalea watoto uliowazaa katika mazingira salama. Loretta Ross, mmoja wao, aliwahi kupoteza uwezo wa kuzaa akiwa bado kijana kwa sababu ya kifaa kibovu cha kuzuia mimba, kwa hiyo hakuwa anazungumza nadharia. Walichapisha tangazo gazetini lenye sahihi zaidi ya 800. Sehemu zile tatu zinajibu historia moja kwa moja: mzizi wa mpamba, meza ya upasuaji ya Hamer, mnada ulioondoka na mtoto.

Wapinga utoaji mimba nao walikuwa wanaisoma historia hiyohiyo. Mwaka 2010 mabango yalitundikwa Atlanta yakisema watoto weusi ni viumbe walio hatarini kutoweka. Mwaka 2011 jingine likawekwa New York, na picha ya binti mdogo mweusi, likidai kwamba mahali pa hatari zaidi kwa Mmarekani mweusi ni tumboni mwa mama. Maneno haya yamefika kwetu, nayaona kila mara kwenye makundi ya WhatsApp ya kanisani na ya ukoo, yametafsiriwa na kupambwa kuhusu “mpango wa kuwamaliza Waafrika”. Siwacheki wanaoyaamini, baada ya akina Relf, kuogopa si ujinga. Ila tazama bango linamshitaki nani. Daktari hayumo, bodi ya jimbo haimo, bunge halimo. Mshitakiwa ni tumbo la mama.

Juni 2022 Mahakama ya Juu ikaifuta Roe, katika kesi iliyotoka Mississippi, jimbo la Hamer. Jaji Alito aliandika kwamba haki ya kutoa mimba haina mizizi katika historia na mila za taifa, akaipima kwa sheria za majimbo za mwaka 1868, wakati ambapo hakuna mwanamke hata mmoja, wa rangi yoyote, aliyekuwa na kura kwenye mabunge hayo. Katika tanbihi akagusia kwamba baadhi ya watetezi wa utoaji mimba walisukumwa na nia ya kupunguza idadi ya weusi, ingawa akasema hahoji nia ya mtu. Yaani mateso ya wanawake wale waliofanywa wasizae yametumika kama hoja ya kuwalazimisha wajukuu zao wazae. Mara zote mbili Mississippi ndiyo iliyoamua.

Baadhi ya wasomi, Michele Goodwin akiwa mstari wa mbele, wanasema kumlazimisha mwanamke abebe mimba kunavunja Marekebisho ya 13 ya Katiba, yale ya 1865 yaliyopiga marufuku utumwa na utumikishwaji. Hoja hii naikubali nusu. Nusu nyingine inanikwaza, kwa sababu utumwa haukuwa tu kubebeshwa mimba. Ulikuwa kuuziwa mtoto, na nikilinganisha kila kitu na utumwa naona nawaibia Celia na Margaret uzito wa yaliyowapata. Lakini Februari 2025 huko Georgia mwanamke mweusi aliyekuwa na mimba changa alithibitishwa kuwa ubongo wake umekufa, na ndugu zake wakasema hospitali imewaambia sheria ya jimbo inazuia mashine kuzimwa. Mwanasheria mkuu wa jimbo akasema sheria haidai hivyo. Mwili ukaendelea kupumulishwa hadi mtoto alipotolewa Juni. Mama wa marehemu alisema huenda wangeamua vivyo hivyo, ila uamuzi ulipaswa kuwa wao. Siku ile nusu yangu ya kusitasita ilipungua.

Kwa ndugu zetu waliopo huko, haya si ya Wamarekani peke yao. Mwaka 2023 vifo vya wajawazito na wazazi weusi vilikuwa 50.3 kwa kila vizazi hai 100,000. Kwa wazungu, 14.5. Mkongomani aliyetua Ohio kama mkimbizi, Mkenya muuguzi wa Texas, Mtanzania wa Minnesota, akifika leba faili linamwandika mweusi, na akilalamika maumivu husikilizwa hivyo. Serena Williams, mwenye pesa na jina, alilazimika kubishana na wahudumu mwaka 2017 ili akachunguzwe damu iliyoganda mapafuni, ilhali aliwahi kuugua ugonjwa huohuo.

Na akishajifungua salama, inabaki ile haki ya tatu. Utafiti uliochapishwa 2017 ulikadiria kwamba asilimia 53 ya watoto weusi Marekani watakuwa wamechunguzwa na ustawi wa jamii kabla hawajatimiza miaka 18. Kwa watoto wote kwa jumla ni asilimia 37. Dorothy Roberts, msomi wa sheria, ameutumia muda mwingi wa maisha yake kuonyesha kwamba kinachoitwa uzembe wa mama mara nyingi ni umaskini tu: friji tupu, mtoto aliyeachwa na dada yake mkubwa mama akiwa zamu ya usiku. Wazazi kutoka kwetu wanaujua mlango huo ukigongwa, ingawa hawalisemi kwenye simu za nyumbani. Katika kampeni za uchaguzi wa 2024 utoaji mimba ulitajwa kila jukwaa. Watoto hawa, sikusikia mgombea akiwataja.